Faili Lililokuwepo

Siku mliyoniaga, vijana wa chumba cha kompyuta, mliniomba niwaandikie tulivyofanya kazi zamani. Nilikubali upesi kwa sababu kulikuwa na pilau, na mtu aliyeshiba hukubali mengi. Sasa nimekaa nyumbani Isongole miezi minne, mvua imenifungia ndani na sina tena kisingizio. Sitaandika nilivyopanda vyeo wala nilicholipwa. Hayo yamo kwenye jalada langu la utumishi, anayeyataka akasome. Nitaandika kazi, na katika kazi nitakaa zaidi kwenye kosa moja ambalo wengi wenu mmelisikia likisimuliwa kama ushindi wangu.

Nilianza na mashine za kuchapa, miaka ya mwisho ya themanini, Mbeya mjini, kwenye karakana ya uani iliyonuka mafuta ya taa. Tulisugua herufi kwa mswaki, tukakaza springi, tukabadilisha utepe. Herufi iliyochakaa kabla ya zote ilikuwa 'a', maana Kiswahili hakiipumzishi. Kisha biashara ikafunguliwa, malori ya kwenda Zambia yakaongezeka, na Tunduma, ambayo mimi niliijua kama mahali pa kupita tu, ikajaa ofisi za mawakala wa forodha. Wakala mmoja alinunua kompyuta. Aliyemuuzia alimhakikishia kwamba haihitaji fundi. Wiki mbili baadaye akawa anaulizia fundi.

Siku yangu ya kwanza pale walinivua viatu mlangoni. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya bibi harusi. Aliyeiendesha alikuwa Bwana Nzunda, Mnyiha wa Mbozi, mwembamba, mpole wa sauti, aliyesomea kazi hiyo Lusaka. Alinitazama vidole vyangu vyenye wino.

"Umezoea mashine gani, bwana?"

"Za kuchapa."

"Basi tutaanza na raba."

Akanipa raba ya shule, ya kufutia penseli. Vumbi la malori liliingia kila mahali pale Tunduma, na ugonjwa wa kwanza wa kila kompyuta ulikuwa meno ya kadi ya memori kushika uchafu. Unaichomoa kadi, unayasugua meno yake kwa raba mpaka yang'ae, unairudisha. Kwa miaka ile nimefufua mashine nyingi kwa raba kuliko kwa elimu. Wenyewe wakiniuliza nimefanya nini nilisema nimerekebisha mfumo.

Lakini Nzunda hakutaka nibaki mtu wa raba. Alinifundisha kinachotokea ndani, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa jinsi programu inavyoingia kwenye memori. Ikiwa diskini, alisema, programu imelala, ni namba tu zilizopangwa mstari. Anayeiamsha ni kerneli, kile kiini cha mfumo kinachosimamia mambo yote ya mashine. Ukiandika jina la programu, kerneli hailiendeshi faili papo hapo. Kwanza inalifungua na kusoma baiti chache za mwanzo, yaani namba zake za kwanza kabisa. Katika mfumo tuliotumia kwa wakala, mafaili mengi ya namna hiyo yalianza na herufi M na Z. Baadaye, tulipohamia mfumo wa Linux, ilikuwa baiti moja ngeni, kisha E, L, F. Kerneli isipoiona alama inayoijua, inakataa.

"Ni kama afisa wa mpakani," Nzunda aliniambia. "Haanzi kwa kupanda juu ya lori. Anasoma makaratasi."

Alama ikiwa sawa, kerneli inasoma jedwali lililo mwanzoni mwa faili. Jedwali linasema: kipande hiki ni maagizo, kiweke kwenye anwani hii, kisomwe lakini kisiandikwe juu yake. Hiki ni data, kinaweza kuandikwa. Hapa acha nafasi ujaze sifuri. Na wala hailibebi faili zima kwa mara moja. Inaandika tu kwamba ukurasa fulani wa memori utatoka sehemu fulani ya diski, halafu programu inapougusa ukurasa huo kwa mara ya kwanza ndipo unaletwa. Mwisho inaandaa eneo la kufanyia kazi, inaweka humo maneno uliyoandika baada ya jina, na inaruka hadi kwenye agizo la kwanza. Nzunda aliyachora haya kwenye migongo ya fomu za forodha zilizoharibika. Mimi niliyakariri, nikajiona nimemaliza.

Kulikuwa na hatua moja ambayo hakunifundisha, na mimi sikujua kuwa ipo.

Kliniki ya kifua kikuu ilipofunguliwa kando ya barabara kuu, walimwomba Nzunda awatengenezee rejesta ya wagonjwa, naye akanichukua. Aliiandika programu hiyo kwa miezi saba na kuiita 'rejesta', hakuwa mtu wa majina makubwa. Ilifanya kazi moja iliyotuokoa. Kila Jumatatu ilitoa orodha ya wagonjwa ambao hawakuja kuchukua dawa, na chini ya kila jina maelekezo ya kufika kwao. Matibabu yale ni ya miezi mingi. Mtu akinywa dawa miezi miwili mitatu anapata nguvu, kikohozi kinakoma, anaona amepona, anaacha. Ugonjwa unarudi na hasira. Kwa hiyo Bwana Sichone, mfuatiliaji wetu, alichukua orodha, akapanda pikipiki na kuwatafuta mmoja mmoja, kuanzia mitaa ya mpakani mpaka vijiji vya Mbozi. Wengi wako hai leo kwa sababu Sichone aliwakuta shambani akawasimamia wameze vidonge mbele yake.

Nzunda hakuzeeka. Aliugua ugonjwa ambao miaka ile Tunduma tuliutaja tukiangalia chini, akaisha mbele ya macho yetu. Mara ya mwisho nilipomtembelea aliniuliza kama printa bado inakula karatasi. Nilimwambia inakula. Akatabasamu kidogo, akageukia ukutani. Baada ya mazishi vitu vyake vikagawanywa, na disketi zenye programu jinsi alivyoiandika kwa mkono wake zikaonekana baadaye, zimeota ukungu. Tukabaki na ile iliyokwisha kuundwa tu, ambayo mashine inaielewa na mtu haisomi. Data nazo alikuwa amezibana kwa namna yake ili zienee kwenye diski ndogo, hivyo bila rejesta hazikusomeka.

Rejesta ikabaki mikononi mwa Zuhura, karani wa masjala. Familia yao walikuwa watu wa Kigoma waliohamia Tunduma, baba yake akiuza vipuri vya malori. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, msichana wa maneno machache, mwenye hati nzuri. Kila mgonjwa mpya aliketi mbele yake. Zuhura alimuuliza anakaa wapi, akamuuliza tena, akamwomba ataje mti au duka au kanisa lililo karibu, mpaka aridhike kwamba Sichone hatapotea. Mimi aliniita kaka Kibona, na kila asubuhi alinifutia kiti changu vumbi bila mtu kumwambia.

Halafu mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo. Mashine yetu kuukuu ikatoa harufu ya plastiki na kufa. Diski ilikuwa nzima. Wafadhili walikuwa wametuletea kompyuta mpya, yenye nguvu mara nyingi kuliko ile, na mimi nilikuwa nikiisubiri kwa hamu. Nikaweka Linux mpya, nikanakili mafaili yote kutoka diski ya zamani, nikaandika 'rejesta' na kubonyeza. Ikajibu kwamba hakuna faili la jina hilo.

Nikaagiza orodha ya mafaili. 'Rejesta' lilikuwepo, pale pale, katikati ya mengine. Nikaandika tena. Hakuna faili la jina hilo. Nikanakili upya. Jibu likawa lile lile.

Ninyi mliosoma vyuoni pengine mmeshajua. Mimi sikujua. Nilijua kwamba kerneli inasoma faili, na kama haioni kitu maana yake ndani hakuna kitu. Nikaamua kwamba jina limebaki lakini faili limeharibika. Nikaanza kujiuliza nani aliligusa.

Wiki iliyotangulia diski ilikuwa imejaa, na Zuhura, kwa ruhusa yangu mwenyewe, alikuwa amefuta barua za zamani.

Mganga mfawidhi alituita ofisini, mimi, Zuhura na Sichone. Alikuwa daktari mchapakazi, asiyependa mambo marefu.

"Fundi, tatizo ni nini?"

"Faili la rejesta limeharibika, Daktari."

"Limeharibikaje?"

"Inaelekea lilifutwa nusu. Pengine wakati wa kupunguza mafaili."

Zuhura aliniangalia. "Sikulifuta, kaka. Si jina lake hilo hapo?"

"Jina tu," nikasema. "Ndani hamna kitu."

"Umetazama ndani?"

Sikuwa nimetazama. Sikupima hata ukubwa wake. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Nayakumbuka maneno hayo neno kwa neno, natamani nisingeyakumbuka.

Daktari akamuuliza Zuhura mara mbili kama alifuta faili lile, naye akajibu mara mbili kwamba hakulifuta. Mara ya pili sauti yake ilikuwa imeshuka sana. Kabla ya wiki kwisha akapewa barua ya kuachishwa kazi. Alikuja masjala kuchukua kanga yake na kikombe chake cha chai. Nilikuwa nimeinama chini ya meza nikifunga nyaya, na nilibaki chini ya meza mpaka nikasikia mlango umefungwa.

Tukarudi kwenye karatasi. Kila mgonjwa alikuwa na kadi yake, na kila aliyekuja tuliisoma kadi tukaandika kwenye daftari. Siku tatu za kwanza nilidhani tutarejesha kila kitu. Kisha Sichone akasema jambo ambalo sote tulikuwa tunalikwepa. Aliyekuja tulimwona. Tuliyemhitaji ni yule asiyekuja, na kadi yake anayo yeye, nasi hatujui yuko wapi. Aliwafuata wachache aliowakumbuka. Wengine alikumbuka sura bila jina, au kijiji bila nyumba. Jumatatu zikapita bila orodha. Nilimwona akiipangusa pikipiki yake uani, ambayo haikuwa chafu.

Wiki ya sita Daktari aliniomba ripoti ya maandishi kuhusu uharibifu wa faili, ya kupeleka kwa wafadhili. Nikaona niweke ushahidi. Nikachukua programu inayoonyesha baiti za faili moja moja, nikafungua 'rejesta', nikitafuta mahali Zuhura alipoiharibu.

Mwanzoni kulikuwa na baiti ngeni, kisha E, L, F, kama alivyonifundisha Nzunda. Nikasema sawa, uharibifu uko mbele. Nikasoma jedwali la vipande, nikakokotoa kila kipande kinaanzia wapi na kuishia wapi, nikalinganisha na ukubwa wa faili. Vyote vilikuwepo mpaka baiti ya mwisho. Ilinichukua siku nzima, na kila kipande nilichokikuta kizima kilinitia hofu badala ya furaha.

Alasiri nikaona, karibu na mwanzo, maandishi yanayosomeka katikati ya namba. Ilikuwa njia ya faili lingine, lililopaswa kuwa ndani ya mfumo. Nikaenda kulitafuta kwenye kompyuta mpya. Halikuwepo.

Hiyo ndiyo hatua ambayo Nzunda hakunifundisha. Programu nyingi hazijitoshelezi. Zinategemea maktaba za pamoja, yaani mafaili ya maagizo yanayotumiwa na programu nyingi, na ndani ya faili kuna sehemu inayotaja msaidizi: faili lingine ambalo kerneli lazima ilipakie pia, na ambalo ndilo linaloanza kukimbia, likizikusanya maktaba zile na kuziunganisha kabla ya programu yenyewe kupewa nafasi. Rejesta ya Nzunda iliundwa kwa mashine za zamani, za biti thelathini na mbili, ikamtaja msaidizi wa mashine hizo. Kompyuta mpya ilikuwa ya biti sitini na nne, na mimi sikumweka msaidizi wa zamani kwa kuwa sikujua kama yupo. Kerneli ilifungua rejesta, ikaisoma, ikaikubali, ikaenda kumtafuta msaidizi aliyetajwa, ikamkosa. Ikarudisha jibu la kwamba hakuna faili. Ilikuwa inasema ukweli, ila juu ya faili jingine, na hailitaji kwa jina. Mimi nikadhani inasema habari za rejesta.

Nilitumiwa diski ya maktaba zile kutoka Mbeya kwa basi. Nikaziweka, nikaandika 'rejesta'. Ikafunguka mara moja. Jina la Zuhura lilikuwepo pembeni kama karani wa mwisho kuitumia.

Tukaingiza kwanza waliomo kwenye daftari, na orodha iliyotoka ilikuwa na watu kumi na mmoja. Wa kwanza, kwa wingi wa siku, alikuwa Laitoni Mwashiuya, mchukuzi wa mizigo pale mpakani, aliyekuwa mwezi wa tatu wa dawa. Maelekezo yalisema kwamba msimu wa kahawa huenda kwao Itaka. Sichone aliikunja orodha akaondoka bila kunywa chai. Kwa siku tatu alirudi na watu, mmoja wao akiwa amefungwa kwa kanga nyuma ya pikipiki asianguke. Siku ya nne akaja peke yake, akakaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Laitoni?" nikamuuliza.

"Wamemzika Jumatano ya juzi," akasema. "Mkewe anasema alitapika damu siku mbili. Aliniuliza mbona safari hii hatukuja."

Daktari alinishika bega mbele ya wauguzi wote akanisifu kwamba nimelifufua faili lililoharibika. Nikasema asante. Kwa wiki mbili nikawa ninasema asante. Ripoti kwa wafadhili ilikwenda ikisema fundi amerekebisha, na hapo ndipo ulipozaliwa ule ushindi mnaousimulia.

Wiki ya tatu sikuweza tena. Nilikuwa silali, na mke wangu alishaanza kuuliza. Nikaingia kwa Daktari, nikafunga mlango, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yule binti hakufanya lolote."

"Hakufanya, Daktari."

"Barua niliisaini mimi," akasema. Akaigeuza kalamu vidoleni. Kisha akaandika barua nyingine, ya kumwita kazini na kumwomba radhi. Nilimwomba niipeleke mwenyewe.

Nilimkuta Zuhura kwenye duka la vitenge la shangazi yake, hatua chache kabla ya kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Alikuwa akimhudumia mama wa Kizambia, wanazungumza Kibemba. Aliponiona alimaliza kumkunjia kitenge chake, akampa, ndipo akanigeukia.

"Karibu, kaka Kibona."

Nikampa barua. Nikamweleza kosa langu, nikimwambia habari za msaidizi na maktaba, nikijisikia ninavyorefusha. Hakunikatiza. Aliisoma barua yote, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa.

"Wagonjwa wamerudi?" akauliza.

"Karibu wote."

"Laitoni wa Itaka?"

Nikatazama vitenge, naye akaelewa. Akakaa juu ya bando la vitenge. Machozi yakamjaa machoni, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

"Ulikuwa msimu wa kahawa," akasema. "Angekuwa kwao tu. Unashuka gulioni, unauliza kwa fundi baiskeli, unapandisha kushoto kando ya mibuni, nyumba ya tatu, ina mlango wa bluu. Wote wale niliwaandika mimi, kaka. Nawajua kwa kichwa. Siku ile mngeniuliza ningewatajia mmoja mmoja."

"Tulikuuliza, Zuhura," nikasema, kwa upumbavu.

"Mliniuliza kama nimefuta."

Alinirudishia barua. Alisema hapo dukani panamtosha, na nimsalimie Sichone. Mteja mwingine akaingia, naye akasimama kumpokea.

Nilirudi kliniki kwa miguu nikipita kando ya malori. Daktari aliponiuliza amesemaje, nikamjibu kwamba hatarudi. Yale mengine aliyosema sikumwambia Daktari, wala Sichone, wala mke wangu. Ninyi ndio wa kwanza.